Ufunguo Usiofungua Mlango

Ijumaa moja ya Septemba 2023, katikati ya Times Square, aliyekuwa Meya wa New York, Eric Adams, alimkabidhi mwanamuziki Sean Combs, yule Diddy, ufunguo wa jiji. Mtoto wa Harlem amerudi nyumbani, kamera zipo, makofi yapo. Miezi minane baadaye ukatoka mkanda wa kamera za hoteli, wa mwaka 2016, ukimwonyesha akimpiga na kumburuta mwanamke aliyekuwa mpenzi wake. Meya akaandika barua ya kuudai ufunguo, na Juni 2024 ukarudishwa.

Kisa hiki kina kichekesho chake. Ule ufunguo hauingii kwenye kitasa chochote. Siku ulipotoka hakuna mlango uliofunguka, na siku uliporudi hakuna aliyehangaika kubadilisha kufuli. Basi kama ni pambo tu la kuweka kabatini, mbona ulitolewa kwa mbwembwe zile? Na mbona kurudishwa kwake kukawa habari ya dunia nzima? Watu hawagombei kitu kisicho na kazi. Ufunguo ule una kazi, ila si ile ya kufungua.

Zamani ulikuwa unafungua kweli. Miji mingi ya Ulaya ilizungushiwa kuta, kama Gede yetu ya pwani ya Kenya ilivyozungushiwa, na usiku malango yalifungwa. Aliyeshika funguo ndiye aliyejua nani alale ndani na nani alale nje na fisi. Kwa hiyo mji uliposhindwa vita, mkuu wake alitoka nje na kumkabidhi mshindi funguo mkononi. Januari 1492 mfalme wa mwisho wa Waislamu wa Granada aliwakabidhi Ferdinand na Isabella, watawala Wakristo wa Hispania. Mwaka 1625 mji wa Breda uliposalimu amri kwa Wahispania ilikuwa vivyo hivyo, na mchoraji Velázquez akaja kuichora picha yake: mzee ameinama kidogo, ufunguo mkononi, na jenerali mshindi amemwekea mkono begani ili asipige magoti. Utazame ule mkono begani. Ufunguo ulikuwa alama ya kushindwa, lakini adabu ya anayeupokea ndiyo iliyoamua kama aliyeshindwa ataondoka na uso wake.

Sisi wa Pwani tuna mfano ulio karibu zaidi na masikio yetu. Makka ilipofunguliwa, mwaka wa 8 wa Hijria, ufunguo wa Kaaba ulirudishwa kwa Uthman bin Talha, na mpaka leo uko kwa ukoo wa Bani Shayba. Huo ni ufunguo wenye mlango, na ni heshima yenye mzigo: aliyenao lazima awepo mlango unapofunguliwa. Heshima za miji ya leo zimebaki na umbo la ufunguo, lakini mzigo umeshushwa njiani. Mwaka 1702, New York ikiwa bado koloni la Uingereza, meya wake alimpa gavana mpya, Lord Cornbury, kile kilichoitwa uhuru wa jiji, na Wamarekani huanzia hapo wanapohesabu desturi hiyo. Tangu siku hiyo inatolewa kwa wakuu, mashujaa wa vita, wanaanga, wanamichezo, na sasa kwa yeyote mwenye wafuasi wengi.

Hilo neno la uhuru wa jiji linahitaji kufunguliwa kidogo, maana tafsiri yake imetupotosha. Magazeti yetu yanapoandika kwamba fulani amepewa "uhuru wa jiji la London", msomaji anajiuliza: kwani alikuwa amefungwa? London inasema desturi yake inaanzia mwaka 1237. Enzi hizo watu wengi walikuwa chini ya mabwana wa ardhi. Hawakuweza kuhama wala kufanya biashara kwa hiari yao. Aliyepokewa rasmi mjini alitoka katika utumishi huo. Aliruhusiwa kufungua duka, kuwa na mali yake, kuingia katika chama cha mafundi wenzake. Kiswahili cha zamani kina neno kamili kwa mtu huyo, nalo ni mwungwana: asiye mtumwa, mwenye mji, mwenye sauti barazani. Kwa hiyo walichotoa London ni uungwana wa jiji. Ukiisoma hivyo mambo mengi yananyooka. Mgeni anafanywa mwenyeji, na anaambiwa: kuanzia leo hapa ni kwenu.

Haki za uungwana huo zilikuwa za tumbo kabisa. Moja ilikuwa kuvusha kondoo kwenda sokoni kwa kupita darajani bila kulipa ushuru. Hadi leo, kila Septemba, watu waliopewa heshima hiyo hukusanyika kuswaga kondoo juu ya daraja la mto Thames, na mwaka 2024 aliyewaongoza alikuwa mwigizaji Damian Lewis. Kule Dublin mwaka 2000 wanamuziki wa U2 walipopewa heshima ya mji wao, Bono na mwenzake The Edge walichukua wanakondoo wawili wakaenda nao bustani ya St Stephen's Green, kwa sababu haki ya zamani iliwaruhusu kulisha mifugo hapo. Mpiga gitaa wa kulipwa mamilioni ameshika kamba ya mwanakondoo kwenye majani ya mjini, akicheka. Nikiri kwamba hafla ya namna hiyo inanifurahisha kuliko hotuba, kwa kuwa angalau mtu alikwenda kuijaribu haki yake kuona kama bado inafanya kazi.

Nani hasa anatoa? Watu wengi hawaulizi, na jibu ndilo linalotenganisha heshima nzito na nyepesi. England na Wales, sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1972 inataka kikao cha baraza kilichoitishwa mahususi kwa jambo hilo, na theluthi mbili ya kura zitakazopigwa ziunge mkono. Mpewa hapati haki yoyote ya kisheria wala fungu la fedha, lakini madiwani wa vyama tofauti wamelazimika kukaa, kubishana, kisha kukubaliana. Marekani, katika miji mingi, meya akiamka na wazo lake asubuhi jioni limekwisha. Heshima ya kwanza ni neno la mji. Ya pili, mara nyingi, ni neno la ofisi ya mtu mmoja, na mtu huyo ana uchaguzi mbele yake. Mwaka 1980 mchungaji wa kanisa la Wakaldayo, Wakristo wenye asili ya Iraki, wa Detroit alikwenda Baghdad akiwa amebeba ufunguo wa jiji kwa idhini ya meya, akamkabidhi Saddam Hussein, ambaye alikuwa amelichangia kanisa lile robo milioni ya dola. Sijui ungewezaje kupita kwenye kikao cha theluthi mbili.

Kuna heshima nyingine ambayo watu huidhania kuwa ya serikali nayo si ya serikali hata kidogo: zile nyota za kwenye njia ya waenda kwa miguu Hollywood. Anayezisimamia ni chama cha wafanyabiashara wa eneo hilo. Jina lazima lipendekezwe, kamati ichague, mhusika akubali kuhudhuria, kisha mdhamini alipe ada. Mwaka 2023 ilikuwa dola 75,000. Kwa kawaida ni kampuni ya filamu au ya muziki inayolipa, na sherehe hupangwa ikaribiane na kazi mpya inayotoka sokoni. Ukishajua hilo huwezi tena kuitazama nyota ile kama ulivyoitazama jana. Nyota moja tu haiko chini. Muhammad Ali alisema hataki jina la Muhammad likanyagwe, kwa hiyo mwaka 2002 ya kwake ikawekwa ukutani. Kati ya nyota zile zaidi ya elfu mbili, hiyo ndiyo ambayo mpewa aliweka sharti, na mtoaji akainama.

Sitaki msomaji adhani nasema biashara inaua heshima. Hapana. Mji una sababu zake na nyingi ni halali. Staa anapopiga picha na meya, jina la mji linasafiri bure kwenda nchi ambazo mji usingemudu kujitangaza. Rwanda wameligeuza hilo kuwa ufundi. Tangu mwaka 2005 wana sherehe ya Kwita Izina, ya kuwapa majina watoto wa sokwe wa milimani, na wageni maarufu hualikwa kuwa kama wazazi wa ubatizo. Mwigizaji Idris Elba na mkewe Sabrina walikuwepo mwaka 2022, mchekeshaji Kevin Hart mwaka uliofuata. Aliyempa mtoto jina hawezi kesho kujifanya hamjui. Hapo mgeni ameondoka na kumbukumbu, na nchi imebaki na msemaji, na sokwe anafaidika na watalii watakaokuja. Ni biashara, lakini imekaa juu ya mila ya kweli ya Wanyarwanda ya kumpa mtoto jina mbele ya watu, ndiyo maana haikwaruzi.

Na staa naye anatafuta nini? Pesa anazo, tuzo za kazi yake anazo. Nadhani anachokosa mtu maarufu ni kwao. Anaimba Lagos leo, kesho Paris, kila uwanja unamshangilia na hakuna hata mmoja unaomjua mama yake. Mji unapompa ufunguo unamwambia una kwenu. Mwaka 1984 Liverpool iliwapa Beatles heshima yake, miaka 14 baada ya kundi kuvunjika na miaka minne baada ya John Lennon kuuawa. Paul McCartney alikwenda kuipokea. Hakuna ambacho Liverpool ingemwongezea katika umaarufu. Ilichoweza kumpa ni kumwita mtoto wake.

Sasa niseme ninaloliamini, maana nimezunguka vya kutosha. Heshima ya mji ina thamani kulingana na ilivyomgharimu mtoaji. Ukimpa heshima mtu ambaye dunia nzima imeshampa, wewe ndiye unayepata: unasimama kwenye mwanga wake. Ukimpa mtu ambaye kumpa kunakuletea matusi, hapo umetoa. Na mfano ninaourudia kila ninapobishana na watu juu ya jambo hili ni wa Glasgow.

Agosti 1981 jiji la Glasgow, Scotland, lilimpa Nelson Mandela uungwana wake. Leo unasikia jina Mandela unaona sanamu na noti za benki. Mwaka 1981 alikuwa mfungwa wa Robben Island, amekaa gerezani miaka karibu 20, na wakubwa wengi wa Uingereza walimwita gaidi bila kumung'unya maneno. Hakuweza kuhudhuria. Hakukuwa na picha ya pamoja, wala mkono wa kushikana nao, wala tamasha la kuuza tiketi. Makamu wa Rais wa Nigeria, Alex Ekwueme, ndiye aliyesimama badala yake. Wakazi kadhaa waliandika kwa hasira magazetini: mji una matatizo yake ya ajira, tunaingiliaje mambo ya Afrika Kusini? Meya, Michael Kelly, hakurudi nyuma. Akaanzisha tamko la mameya la kudai Mandela aachiwe, na likasainiwa na zaidi ya mameya elfu mbili wa nchi mbalimbali.

Kisha ikaja zamu ya ubunifu wa Kiskoti. Ubalozi mdogo wa Afrika Kusini ya makaburu ulikuwa kwenye jengo lililotazamana na kiwanja kiitwacho St George's Place. Mwaka 1986 baraza likaubadilisha mtaa huo jina ukawa Nelson Mandela Place. Fikiria asubuhi ya karani wa ubalozi ule. Kila bahasha inayoingia ina jina la mfungwa ambaye serikali yake imekataza hata picha yake isionekane. Akiagiza teksi, anataja jina hilo. Akimwelekeza mgeni, anataja jina hilo. Baraza halikuwa na jeshi wala uwezo wa kuweka vikwazo vya biashara. Lilikuwa na mamlaka ya kupachika vibao vya mitaa, likaitumia mamlaka hiyo hiyo ndogo mpaka mwisho wake.

Oktoba 1993 Mandela, akiwa huru lakini bado hajapiga kura ya kwanza maishani mwake, alifika Glasgow kupokea heshima za miji na mabaraza tisa ya Uingereza kwa mpigo. Mvua ilikuwa inanyesha pale George Square, na mzee wa miaka 75 akacheza jukwaani. Katika hotuba yake alisema jambo ambalo nalieleza kwa maneno yangu: wakati sisi tumenyimwa uhuru katika nchi tuliyozaliwa, mji ulio mbali maili elfu sita ulitutangaza kuwa huru. Angalia jinsi lile neno la karne ya 13, la mtu kutoka chini ya bwana wake, lilivyorudi na maana yake yote. Karatasi ile haikufungua pingu. Lakini Glasgow walikuwa wamemkopesha heshima miaka 12 kabla, bila dhamana, na siku ile wakalipwa.

Basi kama heshima inaweza kutolewa mapema, je, inaweza kuchukuliwa? Hapa miji imejikwaa sana. Oxford ilimpa mwanasiasa Aung San Suu Kyi uungwana wake mwaka 1997, akiwa anapambana na utawala wa kijeshi wa nchi yake, Myanmar. Alionekana Mandela wa Asia. Miaka 20 baadaye yeye yuko serikalini, jeshi la nchi yake linawaswaga Warohingya, Waislamu walio wachache nchini humo, kuelekea Bangladesh, watu zaidi ya laki saba wamekimbia, naye amenyamaza au anatetea. Novemba 2017 Oxford ikaifuta heshima hiyo. Dublin nayo ilikuwa imempa, na pale kisa kikapinda. Mwanamuziki Bob Geldof, mzaliwa wa huko, alikwenda na hati yake mkononi akairudisha, akisema hataki kuwa kwenye orodha moja na mtu huyo. Meya wa Dublin akamkumbusha kwamba bado anashikilia heshima ya ufalme wa Uingereza, ambao historia yake ya mauaji nayo si fupi. Desemba baraza likapiga kura: Suu Kyi akafutwa, na Geldof naye akafutwa kama alivyotaka. Wote wawili wakatoka siku moja.

Wapo wanaosema kufuta ni kujisafisha tu, kwamba mji unajifanya haukuwahi kukosea. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Ukimkaribisha mtu kwako ukasema huyu ni wa nyumba hii, halafu akafanya jambo la aibu, unabeba sehemu ya aibu hiyo. Kumtoa barazani ni haki ya mwenye nyumba. Ninachokiona kichekesho ni wale waliotoa heshima kwa haraka ya kamera kisha wakaiondoa kwa haraka ya kamera. New York haikumfahamu zaidi Diddy mwaka 2024 kuliko mwaka 2023. Iliona video ambayo dunia yote iliiona.

Ugumu mkubwa zaidi uko nyumbani kwa mtu mwenyewe. Turudi kwa Ali. Mwaka 1978 mji wake wa Louisville ulitaka kuubadilisha mtaa wa Walnut uitwe Muhammad Ali Boulevard. Tayari alikuwa bingwa wa dunia mara tatu, ametoka kupigana Kinshasa na Manila, hakuna kijiji kisichomjua. Azimio lilipita kwa kura 6 dhidi ya 5. Ndani ya wiki moja vibao 12 kati ya 70 vikawa vimeibwa. Kuna majirani waliokumbuka bado kwamba alikataa kwenda vitani Vietnam na akabadili dini. Mwaka 2019, miaka mitatu baada ya kifo chake, uwanja wa ndege wa mji huo huo ukapewa jina lake, na sikumbuki kusikia kelele. Mji ulihitaji miaka 41 kumzoea mtoto wake.

Zanzibar nayo ina wa kwake. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja Septemba 1946 katika familia ya Kiparsi, akaondoka na wazazi wake baada ya Mapinduzi, dunia ikamjua kama Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Mwaka 2006 walitaka kufanya sherehe ya ufukweni kuadhimisha miaka 60 ya kuzaliwa kwake. Jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho ikapinga, ikisema maisha yake hayaendani na maadili ya visiwa, na sherehe ikafutwa. Mwaka 2019 ikafunguliwa nyumba ya makumbusho yake Shangani, kwa mikono ya wafanyabiashara, na watalii wanapanga foleni. Feltham, kitongoji cha London ambako familia yake ilihamia, wao waliupa mtaa jina lake mwaka 2020, dada yake akafungua kibao, hakuna aliyeguna. Si kazi yangu kuamua nani alikuwa sahihi. Ila hafla ile iliyofutwa inaeleza mengi kuhusu Zanzibar kuliko inavyomweleza Freddie, na hiyo ndiyo tabia ya heshima zote hizi: ni picha ya mpigaji.

Huku bara tuna namna yetu. Hatutoi ufunguo, tunamvika mtu mgolole, tunamkalisha kwenye kigoda, tunampa mkuki na ngao, tunamtangaza chifu au mzee wa kabila. Rais Samia Suluhu Hassan alitawazwa hivyo na machifu kule Mwanza mwaka 2021, akaitwa Chifu Hangaya. Wasanii na wageni wa mashirika nao hupitia humo kila siku. Niliwahi kukaa juani tangu saa tatu asubuhi kumsubiri msanii mmoja aliyeitwa na halmashauri fulani kupewa heshima. Alifika saa nane. Alivikwa, akapigwa picha, akaimba wimbo mmoja na nusu kwa sababu jenereta lilizima. Alipoondoka, ile ngao ilibaki juu ya kiti cha plastiki. Mzee mmoja wa ngoma aliichukua akaifuta vumbi kwa kanga ya mkewe, akaenda nayo nyumbani. Hakuna aliyeulizia.

Na tuna aina nyingine ambayo Wazungu hawanayo sana: heshima yenye hati ya kiwanja. Machi 2019 Taifa Stars walipoifunga Uganda mabao 3 kwa 0 na kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika baada ya miaka 39, Rais Magufuli aliwaita Ikulu akawapa viwanja Dodoma, naye Peter Tino, mfungaji wa bao la Ndola la mwaka 1979 lililotufuzisha mara ya mwisho, akakumbukwa siku hiyo. Kuna waliosema ni kuharibu michezo. Mimi nilimwelewa. Mashujaa wetu wengi wa zamani wana medali ukutani na paa linalovuja juu ya medali hiyo. Kwa mtu wa namna hiyo cheti cha heshima ni kejeli. Kiwanja kinaweza kujengwa.

Lakini tusijidanganye kwamba tamaa ya alama tupu ni ya kigeni. Kwenye makumbusho ya Lamu ipo siwa ya Pate, baragumu refu la pembe za ndovu. Siwa ilipulizwa kwenye harusi na jando za waungwana tu, na kunyimwa siwa kulikuwa kama kuambiwa mbele ya mji mzima kwamba nyie si watu. Historia ya Pate inamsimulia Mwana Darini, ambaye mumewe aliuawa na sultani, kisha akanyimwa siwa kwa jando la mwanawe. Hakulia barazani. Alimtafuta fundi hodari akatoa pembe, ikachongwa siwa nyingine nzuri kuliko ile, na jando likafanyika. Baragumu halimpi mtu shamba wala jahazi. Lakini yule mama alijua kabisa ananyimwa nini.

Nairobi mwaka 2021 waliupa mtaa mmoja wa Kileleshwa jina la kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, Francis Atwoli, aliye hai na mwenye kuonekana kwenye runinga kila wiki. Kibao kikaangushwa; kilipowekwa tena kikachomwa moto. Wiki nzima mitandao ilikuwa vichekesho. Umbali si mkubwa kutoka hapo kwenda Barabara ya Profesa Wangari Maathai, ambayo imekaa kimya, hakuna aliyeigusa hata kwa kucha.

Dar es Salaam kuna heshima nyingine ambayo haitolewi na meya na wala haiwezi kufutwa na kikao chochote, nayo iko midomoni mwa makonda. Mwanamuziki Remmy Ongala alizaliwa Kongo mwaka 1947, akaja nchini mwishoni mwa miaka ya 1970 kupiga na bendi ya Makassy, kisha akang'ara na bendi ya Super Matimila. Watu wakamwita Dokta, na hakuna chuo kikuu kilichohusika. Aliimba juu ya wanyonge, juu ya kifo, juu ya ukimwi wakati wengine wanaona haya hata kuutaja. Alikaa Sinza. Abiria wakaanza kumwambia konda, nishushe pale kwa Remmy, na kikazaliwa kituo. Alifariki Desemba 2010. Mgeni kutoka Kongo ameshakuwa mwenyeji kuliko wenyeji, kwa utaratibu ambao London ya mwaka 1237 ingeutambua mara moja. Kijana anayening'inia mlangoni jioni hii, sarafu zikigongana kiganjani, pengine alizaliwa mzee huyo akiwa ameshazikwa na hajawahi kusikia hata wimbo wake mmoja. Anagonga bodi mara mbili na kuita: "Kwa Remmy! Kwa Remmy wapo?"